Kabla ya kununua kompyuta mpya, kagua kinachoilemea ya zamani

KOMPYUTA siyo tena kifaa cha ofisi kubwa za mjini peke yake. Maduka ya pembejeo, vyama vya msingi vya ushirika na SACCOS huitumia kutunza orodha ya bidhaa, madeni ya wanachama na malipo ya mazao. Mashine ikianza kusuasua, kazi yote husuasua nayo.

Hasara yake si ndogo. Chukua mfano wa karani anayehudumia watu 60 kwa siku. Ikiwa kila mmoja anasubiri dakika mbili zaidi kwa sababu kompyuta imekwama, dakika 120 hupotea, yaani saa mbili kila siku. Kwa wiki ya siku sita ni saa 12, muda unaozidi siku nzima ya kazi. Mteja asiye na subira huenda duka la jirani.

Wengi huamua haraka kwamba mashine imechoka, wakaanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Huo ni uamuzi wa mtaji unaofanywa bila kipimo. Mfugaji makini hauzi ng'ombe kwa kuwa maziwa yamepungua wiki moja. Kwanza huangalia malisho, maji na kupe. Kompyuta nayo ina namna yake ya kukaguliwa, na ukaguzi huo haugharimu hata shilingi moja.

Daftari lililomo ndani ya mashine

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayopiga hesabu na kutekeleza amri za programu. Programu nyingi zikiwa wazi kwa pamoja, hugawana prosesa hiyo hiyo. Ikiwapo moja inayojichukulia sehemu kubwa, nyingine husubiri zamu.

Kompyuta za Windows zina programu iitwayo Task Manager, iliyoanza na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Hufunguliwa kwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha lake huonyesha orodha ya programu zinazofanya kazi, na safu yenye neno CPU hueleza kila moja inatumia asilimia ngapi ya prosesa. Ukibofya neno hilo, zinazotumia zaidi hupanda juu. Wanaotumia Linux huandika amri ya top, na kompyuta za Mac zina Activity Monitor.

Programu kupanda hadi asilimia 90 kwa sekunde chache si ugonjwa. Jedwali kubwa la Excel likipiga hesabu upya, prosesa huongeza nguvu kisha hutulia. Cha kuangalia ni matumizi makubwa yasiyoshuka, hasa wakati hakuna mtu anayegusa mashine. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike asubuhi, wakati wa foleni na jioni, kwa siku kadhaa, na majina ya programu zinazoongoza yaandikwe kwenye karatasi.

Yanayowapotosha wengi

Katika orodha ndefu ya Task Manager huonekana jina System Idle Process likiwa na namba kubwa, hata 95. Wengine hushtuka wakidhani wamempata mwizi. Kumbe namba hiyo ni sehemu ya prosesa iliyokaa bila kazi. Ikiwa kubwa, prosesa ina nafasi.

Jambo la pili ni viini. Prosesa nyingi zina viini vinne au zaidi, mithili ya vibarua wanne katika ghala moja. Programu inayoweza kutumia kiini kimoja tu huonyesha takriban asilimia 25 kwenye mashine ya viini vinne, ingawa kiini hicho kimeelemewa kabisa. Programu hiyo hiyo kwenye top ya Linux kwa kawaida husomeka asilimia 100.

Dawa hutegemea kilichoonekana. Programu ya kuzuia virusi ikifanya ukaguzi mzima saa ya foleni, ipangiwe muda ambao wateja ni wachache, wala isiondolewe. Programu zinazojifungua zenyewe kila mashine inapowashwa zinaweza kuzuiwa katika sehemu ya Task Manager inayohusu Startup. Kurasa nyingi za intaneti zilizoachwa wazi zifungwe.

Tovuti nyingine huficha amri zinazotumia prosesa ya msomaji kutafutia sarafu za kidijitali. Huduma ya Coinhive, iliyoanza mwaka 2017 na kufungwa mwaka 2019, ilitumiwa hivyo kutafuta sarafu ya Monero, mara nyingi bila mwenye kompyuta kuombwa ruhusa. Umeme alilipa yeye, faida ikaenda kwa mwingine.

Tahadhari moja: kuisimamisha programu kwa nguvu kunaweza kupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Usiyoijua jina usiisimamishe kabla ya kumwuliza fundi.

Wakati wa kutoa fedha

Ikiwa prosesa inatumika asilimia 10 tu na mashine bado ni nzito, tazama safu za Memory na Disk. Kumbukumbu ikijaa, kuongeza RAM huweza kutosha. Diski ya zamani inayozunguka ikishinda kwenye asilimia 100, kuweka ya SSD huleta nafuu kubwa. Matengenezo ya namna hii kwa kawaida ni nafuu kuliko mashine nzima. Vumbi nalo lisafishwe, kwani prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi.

Lakini kama programu ya hesabu ya duka yenyewe ndiyo inayoijaza prosesa siku nzima, na hakuna kingine cha kupunguza, hapo mashine imezidiwa kweli na kununua ni haki. Sababu nyingine halali ni usalama: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na si kila mashine ya zamani inapokea Windows 11.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta huandika daftari lake yenyewe kila sekunde; kazi ya mwenye mali ni kulifungua na kulisoma kabla ya kufungua pochi.