Saa ya Kompyuta Inapokwenda Upogo



Katika maghala na ofisi za Jacobs, ambako ndugu zetu wengi hutafutia riziki, saa ya ukutani imekwisha kupoteza mamlaka yake. Mwamuzi siku hizi ni kompyuta. Ndiyo inayosajili nani ameingia zamu na nani kachelewa, ndiyo inayopiga muhuri wa wakati juu ya hati ya mzigo kabla lori halijaelekea bandarini, na kwa baadhi yetu ndiyo inayoadhini mezani. Ikikosea hukosea kwa uhakika mkubwa, na mwenye kudhurika ni yule asiye na ushahidi mwingine. Kwa kuwa malalamiko ya namna hii yametufikia zaidi ya mara moja, tumeona tuyaeleze kwa kirefu kidogo.

Yafahamike kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ndani ya kompyuta mna wakati wenyewe, unaohesabiwa kwa saa ya dunia iitwayo UTC, mrithi wa ile saa ya Greenwich tuliyosomeshwa skuli. Kisha mna ukanda wa saa, ambao ni vazi tu linalovishwa wakati huo ili usomeke kwa desturi ya nchi. Afrika ya Kusini yote huvaa vazi moja, saa mbili mbele ya UTC, tangu Machi 1903. Isipokuwa misimu miwili ya Vita Vikuu vya Pili, kati ya 1942 na 1944, nchi hii haikusogeza saa zake kwa ajili ya kiangazi. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wako saa tatu mbele ya UTC, Maskati saa nne. Bukavu na Bujumbura wako sawasawa na Durban, na ndiyo maana jirani zetu Wakongo na Warundi hawasumbuki na hesabu hizi wanapopiga simu kwao.

Basi anayetaka kujua ugonjwa wa saa aangalie kosa lenyewe. Dakika zikiwa sahihi na saa imepotoka kwa saa nzima, ukanda ndio uliokosewa. Dakika zikiwa zimepotoka, mashine haijalinganishwa na saa ya kuaminika. Mwaka ukiwa wa zamani, betri imekufa.

Kosa la ukanda ndilo lililotawala miongoni mwetu, na sababu yake haichekeshi. Katika orodha ya Windows jina la Durban halimo, wala Johannesburg. Mtu wetu huteremka na orodha akitafuta jina analolijua, akaiona Nairobi, moyo ukamtulia, akaichagua. Papo hapo kompyuta ikaenda saa moja mbele. Mwengine huchagua Cairo kwa kuwa nayo imeandikwa saa mbili mbele ya UTC, na kweli mwezi wa Disemba mambo huwa shwari. Lakini Misri iliirejesha desturi ya kusogeza saa mwaka 2023, hivyo Ijumaa ya mwisho ya Aprili kompyuta hiyo huruka saa nzima, na mwenyewe akadhani imeingiwa na virusi. Jina la kuchagua ni Harare, Pretoria. Hilo na si jengine.

Tiba ya haraka ambayo wengi huikimbilia ndiyo yenye hatari, nayo ni kuirudisha saa nyuma kwa mkono na kuuacha ukanda wa Nairobi mahali pake. Uso wa saa hupendeza, lakini chini yake wakati wa dunia umeharibika. Barua inayotumwa kutoka mashine hiyo huonekana imeandikwa saa nzima kabla, na mara kompyuta itakapojilinganisha na seva kosa litarudi kama lilivyokuwa.

Kubwa zaidi ni ibada. Programu za nyakati za sala hupiga hesabu kwa kutumia mahali ulipo, kwa Durban ni karibu digrii 30 kusini na digrii 31 mashariki, pamoja na ukanda wa saa. Tuseme alfajiri ya kweli hapa inaingia 04:50 kwa tarakimu za kompyuta. Programu inayoamini kuwa iko katika ukanda wa Nairobi itaandika 05:50. Lau saa nayo ingekuwa ya Nairobi, adhana ingelia wakati wake, ila kwa tarakimu ngeni. Lakini mwenye mashine amekwisha irudisha saa kwa mkono. Basi adhana italia saa nzima baada ya alfajiri, na aliyeitegemea anaendelea kula daku ilhali mchana umekwisha ingia. Kauli ya wanachuoni walio wengi ni kwamba siku hiyo hulipwa. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, na kabla ya Ramadhani ailinganishe programu yake na jedwali la sala la hapa mjini. Zikitofautiana kwa saa nzima, kosa ni la ukanda.

Tena tusiilaumu mashine kwa lililo letu. Sisi tumezoea kuhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na karani akiambiwa mzigo utoke saa mbili asubuhi aweza kuandika 2:00 badala ya 8:00. Hesabu yetu ilizaliwa karibu na Ikweta, ambako jua halichezi sana. Durban, Disemba, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Juni hukaribia saa moja. Penye mkataba au zamu, tuandike tarakimu za saa ishirini na nne.

Tukija kwenye dakika, saa ya ndani ya kompyuta ni kifaa cha bei ndogo na hupotoka. Zamani manahodha katika bandari ya Durban walisahihisha saa zao kwa mpira ulioangushwa kutoka mlingotini, na wakati wa Natal ukipimwa katika kituo cha kutazamia nyota kilichoanzishwa mwaka 1882. Leo kazi hiyo hufanywa na taratibu iitwayo NTP, iliyobuniwa na David Mills wa Marekani na kutumika tangu 1985: kompyuta huiuliza seva wakati, hupima muda ambao jibu limetumia njiani, kisha hujirekebisha. Kompyuta ya nyumbani hupangwa ijilinganishe yenyewe katika mipangilio ya tarehe na saa. Ya kazini mara nyingi huchukua wakati kutoka seva kuu ya kampuni, nayo ikitofautiana na seva hiyo kwa zaidi ya dakika tano, kwa kawaida hukataa kumwingiza mtu hata neno la siri likiwa sahihi. Hapo usiipapase. Mwite fundi, umwambie dakika ngapi zimepotoka. Huenda seva kuu yenyewe imezuiwa kutoka nje kupitia mlango namba 123.

Betri ni jambo jepesi. Ni kidude cha duara mfano wa sarafu, aina ya CR2032 katika kompyuta nyingi za mezani. Mgao wa umeme wa 2022 na 2023 ulizifichua nyingi zilizokwisha choka: umeme ukirudi, kompyuta iko mwaka wa zamani, na kurasa za benki zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vina tarehe.

Tumalizie na mishahara. Katika ghala moja, mashine ya alama za vidole ilikwenda dakika kumi na moja mbele, na waliofika saa moja kamili wakaandikwa wamechelewa kwa wiki tatu. Waliookoka ni wawili waliopiga picha ya uso wa mashine na simu yao kwa pamoja, kwa kuwa simu ilikuwa ikichukua wakati kutoka mtandao. Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira, namba 75 ya 1997, inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu ya muda uliofanyiwa kazi na kuihifadhi miaka mitatu, na inampa mfanyakazi haki ya kuikagua ile inayomhusu yeye. Ombi hilo liandikwe kwa barua yenye tarehe, na nakala ibaki nyumbani.