Utulivu Usio Kimya: Mionzi Hafifu ya Nyota za Nyutroni

Mkulima wa Ifakara anafahamu kuwa bonde lililokauka juu halijakauka ndani. Wakati wa masika mto Kilombero hufurika na maji yake hutanda bondeni. Yanaporudi mtoni, udongo hubaki na unyevu ambao hupungua polepole. Mfano huo wafaa kufafanulia jambo la mbali zaidi, yaani mionzi hafifu ya eksirei itokayo katika nyota za nyutroni wakati wa utulivu.

Nyota ya nyutroni ni kiini kilichosalia baada ya nyota kubwa kulipuka. Kipenyo chake ni takribani kilomita 20 tu, lakini uzito wake huzidi ule wa Jua. Ikiwa na nyota mwenzi jirani, huweza kuvuta gesi yake, na gesi hiyo inapoiangukia hutoa eksirei kali. Kwa kuwa angahewa huzuia mionzi hiyo, huchunguzwa kwa satelaiti. Ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa kazi hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwani siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake.

Mmiminiko wa gesi unapokoma, mng'ao hupungua kwa maelfu ya mara, lakini hautoweki. Mwaka 1998, Brown, Bildsten na Rutledge walieleza kuwa uzito wa gesi iliyorundikana hugandamiza gamba la nyota. Viini vya atomu huungana humo kinani na kuzalisha joto. Nyota KS 1731-260, iliyogunduliwa mwaka 1989, iling'aa kwa takribani miaka 12 hadi 2001. Baadaye satelaiti za Chandra na XMM-Newton ziliiona ikipoa mwaka hadi mwaka. Kasi ya kupoa huko ilidhihirisha kwamba gamba lake hupitisha joto vizuri. Hivyo maada isiyoweza kuundwa katika maabara yoyote duniani hufahamika kwa joto lake.

Mfano wa bonde una mpaka wake: unyevu huletwa na mafuriko yenyewe, ilhali joto hili huzaliwa ndani ya gamba. Hata hivyo, unasaidia kuteua istilahi. “Kipindi cha kimya” hudokeza kuwa hakuna kinachosikika. “Kipindi cha utulivu” ni sahihi zaidi, kwani maji yaliyotulia si maji yaliyokwisha.