Sumu na Dawa za Mginko

Mtoto aliyekula mbegu za mti uitwao mginko kupita kiasi aweza kutapika na kushikwa na degedege kabla ya saa nyingi kupita, na msiba huu, uliojulikana sana Japani katika miaka ya dhiki ya chakula, haukupata maelezo timamu mpaka mwaka 1985, wataalamu wa nchi hiyo walipoichambua mbegu na kuitoa sumu yake. Sumu hiyo, iitwayo ginkotoksini, imefanana mno kwa umbo na vitamini B6, hata mwili hughurika nayo. Nayo ikiisha kuizuia vitamini isifanye kazi yake, ubongo hupungukiwa na kemikali ile ambayo kwa desturi hutuliza neva. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo, ndiyo maana huko Japani na Uchina, ambako mbegu zilizokaangwa hupendwa kwa ladha yake, huliwa chache chache. Na tabibu atambuaye maradhi mapema humtibu mgonjwa kwa vitamini B6 ile ile.

Nyama laini iizungukayo mbegu ina shari ya namna nyingine. Ndani yake, na kwa kadiri ndogo katika majani, mna asidi za ginko, ambazo huwasha ngozi na kuitia malengelenge, nazo ni za ukoo mmoja na asidi zilizomo katika mafuta ya ganda la korosho, hivyo kwamba mbanguaji wa Mtwara au Lindi aliyewahi kuunguzwa vidole na mafuta hayo ameyajua madhara ya ukoo huu pasipo kufundishwa na mwanakemia. Kwa sababu hiyo dawa rasmi ya majani, iliyoanzia Ujerumani, huchujwa hata asidi hizo zisizidi sehemu 5 katika milioni, kazi ambayo mtu achemshaye majani makavu nyumbani hana njia ya kuifanya.

Majani hayo yana pia ginkolidi, ambazo mwanakemia Koji Nakanishi alilitangaza umbo lake mwaka 1967, na ambazo huzuia kemikali moja ichocheayo chembe za damu kugandana. Elimu hiyo ni ya kweli, tena ya kustaajabisha. Lakini imani iliyojengwa juu ya mti huu, kwamba kidonge chake huwakinga wazee na maradhi ya kusahau, haikusimama ilipotiwa mizanini: huko Marekani watu 3,069, wote wenye umri wa miaka 75 au zaidi, walipewa ama miligramu 120 za mginko mara mbili kwa siku, ama kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka 6, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalidhihirisha kwamba maradhi hayo hayakupungua kwa waliomeza mginko. Nasikitika, basi, kuona vidonge hivi vikiuzwa kwa wazee kama kinga ya akili. Na mzee atumiaye warfarini, ambaye damu yake imekwisha zuiwa kuganda, asijiongezee mginko kabla ya kumwarifu tabibu wake, kwani hapo hofu ni ya kuvuja damu.