Je, Wajua? Gati Kwanza, Chumba Baadaye
Mtumiaji wa kitimwendo anayepanga safari ya meli ya kitalii na wanawe, afadhali achunguze bandari kabla ya chumba. Castaway Cay, kisiwa cha Disney huko Bahama, kina gati: abiria hushuka akiwa kitini mwake, na ufukweni huazimwa kiti chenye magurudumu manene ya kupita mchangani. Lakini katika kisiwa cha Grand Cayman meli hutia nanga nje, watu wakavushwa kwa mashua. Bahari ikichafuka, mwenye kiti huenda akabaki melini huku watoto wakienda kuogelea. Utasema vyumba vyenye milango mipana ni vichache, huwahiwa. Kweli, viwekwe mapema. Tena mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sheria ya haki za walemavu inazihusu hata meli zenye bendera za kigeni zikiwa katika maji ya nchi hiyo. Ila hukumu hiyo haikujenga gati Grand Cayman.