Pandikizi, Kipandikizi au Mzizi? Juu ya Maneno ya Upasuaji wa Taya

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo moja la utabibu wa meno, nalo ni kutia meno mapya, kwa msaada wa kompyuta, katika taya lililopungukiwa mno na mfupa. Kisha kuyapima maneno ambayo kwayo jambo hilo laelezwa kwa Kiswahili. Msomaji aweza kuuliza: haya yatuhusu nini sisi watu wa lugha? Jibu ni kwamba mgonjwa hukubali kupasuliwa kwa maneno aliyoyasikia, na neno likimpoteza, idhini yake haina maana.

1. Jambo lenyewe

Jino likisha kung'oka, mfupa uliolishika hukosa kazi, nao hupungua mwaka hata mwaka. Aliyekaa muda mrefu bila meno huona meno ya bandia yakicheza kinywani, kwa kuwa ukingo yanaoukalia umekwisha. Hata usemi huharibika: f na v hutaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na th na dh hutaka ncha ya ulimi ifikie meno. Neno fupi kama fedha lina shida zote mbili.

Katika miaka ya 1950 Mswidi Per-Ingvar Brånemark alitambua kwamba mfupa hai hushikamana na madini ya titani, na mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hiyo. Chuma kidogo mfano wa skrubu hutiwa ndani ya taya, huachwa miezi kadhaa kishikwe na mfupa, kisha jino hufungwa juu yake. Ugumu ni mahali pa kukitia. Ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu. Juu ya taya la juu ipo nafasi yenye hewa. Mfupa ukiwa mwembamba, kosa dogo laweza kuutia mdomo ganzi isiyotoka.

Hapo ndipo kompyuta ifaapo. Taya hupigwa picha ya eksirei ionyeshayo urefu, upana na kina. Daktari hupanga katika picha hiyo mahali pa kila chuma na mwinamo wake. Kisha huchapwa kifaa cha plastiki chenye matundu, kikaacho sawasawa juu ya ufizi au meno yaliyobaki, na keekee hupita katika matundu hayo. Lakini usahihi wake una mpaka: chuma hutofautiana na mpango kwa wastani wa milimita moja au zaidi kidogo, ndiyo sababu huachwa nafasi ya milimita mbili hivi kabla ya kuufikia mshipa. Na mfupa ukiwa umekwisha kabisa, kompyuta haiuongezi. Hutakiwa mfupa wa kuongezea, au vyuma virefu vishikwavyo na mfupa wa shavu.

2. Majina

Neno la kwanza lijalo kinywani ni pandikizi. Asili yake ni panda, na pandikiza ni kitenzi wakijuacho vema wakulima wa mpunga wa Usangu, mkoani Mbeya: kuung'oa mche kitaluni na kuutia jarubani. Lakini mche una uhai, na titani haina. Tena pandikizi la mtu ni jitu kubwa, na katika siasa pandikizi ni mtu aliyetiwa kwa siri kundini mwa wengine.

Kipandikizi chaonekana bora, ila kimekwisha kupewa kazi nyingine. Mama mmoja mzee wa Iringa, niliyemsomea maelezo niliyoyatunga, alicheka akasema: "Mwanangu, kwa umri wangu huu, uzazi wa mpango wa nini tena?" Alikuwa na haki. Zahanati zimemzoesha kwamba kipandikizi hutiwa mkononi, chini ya ngozi.

Wala hili si la kuchekwa tu. Katika sehemu nyingi za Tanzania watoto wachanga wenye homa na kuharisha wamechimbwa ufizi ili kuondoa yaitwayo meno ya plastiki au ya nailoni, kumbe ni vichipukizi vya meno yao halisi. Jina baya huongoza mkono mbaya.

3. Na au kwa?

Husemwa pia "upasuaji unaoongozwa na kompyuta". Katika sarufi yetu, baada ya kitenzi cha kutendwa, na humtaja mtenda, na kwa hutaja chombo: mti umekatwa na Juma kwa shoka. Basi msikiaji hudhani kompyuta ndiyo ishikayo kisu. Atakayedhani hivyo ama ataogopa bure, ama ataamini kwamba mashine haikosei; na yote mawili si kweli. Yafaa kusema: upasuaji uliopangwa na daktari kwa kompyuta.

4. Pendekezo

Chuma hiki hushika nafasi ya mzizi, si ya jino. Kwa hiyo napendekeza mzizi wa titani. Kifuniko cha juu kiitwe taji. Na kile kifaa chenye matundu, kielekezi. Niliporudi kwa yule mama na kumwambia, "Watakutia mizizi ya chuma, ingoje ishikwe na mfupa, ndipo meno yaje," aliuliza mara moja: "Na mfupa wangu utatosha?" Hilo ndilo swali lenyewe.

Mgonjwa atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 800, na matibabu haya hutaka arudi tena na tena kwa miezi. Ni haki yake ajue kabla ya kupanda basi anaendea nini. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya na wayalete, ila kwanza wayajaribu kwa wazee wasio na meno.