Kura ni Amana

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba, 2024 ulikipa Chama Cha Mapinduzi zaidi ya asilimia 98 ya viti vya vijiji, mitaa na vitongoji nchini. Tunawapongeza washindi, lakini twawakumbusha kwamba aliyepewa vyote hana wa kumsingizia.

Huku Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa humo mwaka 2012, adui wa mkulima ni butura: shida humfanya auze kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Hotuba haziondoi butura. Sheria Na. 7 ya 1982 yataka mkutano wa kijiji kila miezi mitatu. Mwenyekiti auitishe, asome mapato na matumizi, aulizwe juu ya kahawa hiyo, naye ajibu. Kura ni amana; nayo amana hurudishwa kwa mwenyewe.