Marekani: Printa ya kuchapisha hundi, mlango uliosahaulika ofisini

Kampuni nyingi ndogo nchini Marekani bado zinalipa wafanyakazi na wauzaji wao kwa hundi, yaani sheki ya karatasi, na baadhi huzichapisha zenyewe ofisini. Kinachohitajika ni karatasi maalum, programu ya uhasibu na printa yenye wino wa sumaku, ule unaoandika tarakimu za chini ili mashine za benki zizisome. Tarakimu hizo ni namba ya benki na namba ya akaunti. Mwizi akizipata, anaweza kutengeneza hundi yake mwenyewe inayofanana na ya kweli.

Tatizo si dogo. FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha, ilipokea mwaka 2022 zaidi ya taarifa 680,000 kutoka kwenye mabenki kuhusu hundi zinazoshukiwa. Mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya 350,000. Macho ya wengi yako kwa wezi wanaoiba barua. Printa haitazamwi na mtu.

Lakini printa ya leo ni kompyuta: ina programu na neno la siri, mara nyingi lile lile lililotoka kiwandani. Zile kubwa za ofisi zina pia diski inayoweza kuhifadhi nakala za kila kilichopita ndani yake. Mwaka 2010, waandishi wa televisheni ya CBS walikwenda New Jersey wakanunua mashine nne kuukuu za kunakili, kila moja kwa takriban dola 300. Moja ilikuwa imetoka kwenye kampuni ya ujenzi ya New York. Ndani ya diski yake walikuta kurasa 95 za hati za mishahara, zenye majina, anwani na namba za hifadhi ya jamii za wafanyakazi, pamoja na nakala za hundi zenye thamani ya dola 40,000. Hakuna aliyevunja kufuli. Mashine iliondoka ofisini na siri zake, basi.

Printa inaweza pia kunyamazishwa. Februari 2016, ile ya Benki Kuu ya Bangladesh iliyokuwa ikitoa taarifa za malipo ya nje iligoma, na wafanyakazi wakadhani ni hitilafu ya kawaida. Kumbe wadukuzi walikuwa wameingia katika mfumo, na dola milioni 81 zilikuwa njiani kwenda Ufilipino. Hizo hazikuwa hundi, ila mhasibu anayeona printa yake imekufa ghafla siku ya malipo ana sababu ya kuuliza kabla ya kuiwasha upya.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Neno la siri la kiwandani libadilishwe, programu ya printa isasishwe, na mashine isifikiwe kutoka kwenye intaneti wala kutumia mtandao mmoja na simu za wageni. Karatasi za hundi zifungiwe kabatini. Printa inapouzwa, diski yake ifutwe au itolewe. Pia anayechapisha hundi asiwe ndiye anayezilinganisha na taarifa ya benki, jambo gumu kwa duka la mtu na mkewe, lakini ndilo linalofichua wizi wa ndani.

Ulinzi ulio imara zaidi uko benki. Kampuni hutuma orodha ya hundi ilizotoa, pamoja na namba na kiasi cha kila moja, na benki huzuia ile isiyolingana mpaka mteja aseme. Huduma hiyo huwa ya kulipia, na wafanyabiashara wengi wadogo huiona kama mzigo hadi siku wanapoibiwa.

Sheria nayo haimsubiri mzembe. Kanuni za biashara zinazofuatwa karibu katika majimbo yote zinamtaka mteja akague taarifa zake za benki upesi. Akipitisha siku 30 bila kutoa taarifa, hundi nyingine za mwizi yule yule zinaweza kuwa hasara yake mwenyewe. Mwaka mmoja ukipita, hawezi tena kuidai benki hata kama saini ilighushiwa, na baadhi ya mikataba ya benki inafupisha muda huo zaidi.